Sura ya Tano: Ketini Kwanza

Kwa kinyozi wetu hapa Lindi, upande wa Kibera unaoteremka kuelekea mtoni, kuna picha iliyobandikwa juu ya kioo: ufuo mweupe, minazi miwili iliyoinamia maji, na neno moja chini yake, Jamaica. Imekaa pale miaka mingi hata buluu ya bahari imegeuka kijivu. Januari moja chama chetu kilipokutana kuamua akiba ifanye nini, mdogo wetu kuliko wote, kijana anayepakia mchanga kwenye malori, alisema tusinunue tena viti vya kukodisha wala sufuria. Alisema twende tupumzike, akataja kisiwa cha kwenye picha. Wazee hawakumkatiza. Mwenyekiti akaniagiza nikachunguze nirudi na jibu.

Nilichunguza. Jamaica haimdai Mkenya visa ya matembezi, na Barbados vivyo hivyo. Kinachokwamisha ni njia. Kutoka Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja, kwa hivyo utashukia Ulaya au Marekani kubadilisha, na huko ndiko karatasi hudaiwa. Nauli ya mtu mmoja ingemeza akiba ya chama kizima. Lakini uchunguzi ule ulinifunza jambo jingine. Nilimuuliza kijana anataka nini hasa huko. Akasema: bahari, ngoma, watu wasio na haraka, na kile chakula chao cha wali na maharagwe kwenye tui la nazi. Nikamtazama. Wali na maharagwe wa tui ulipikwa visiwani kule na Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu na wajukuu wao, nao ni ndugu ya wali unaopikwa pwani yetu kila siku. Tulikuwa tunatafuta ng'ambo kitu kilichoko upande wetu wa bara, mwendo wa treni moja, basi moja na boti moja: kisiwani Lamu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Sisi tulikuwa watu tisa ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufika.

Kabla sijaeleza tulivyopanga, naomba niseme kwa nini nalishikilia jambo hili kwa moyo. Mtaani kwetu neno likizo lina maana moja: kwenda ushago Disemba. Unapanda basi na unga, sukari na blanketi la mama, unafika unakuta paa linavuja, mchango wa mazishi unakungoja, na shangazi ana deni la duka. Januari unarudi umechoka kuliko ulivyoondoka. Huko ni kutimiza wajibu, na wajibu ni mzuri, ila mwili haujalala. Tena wako wasio na hata hiyo ushago. Katika chama chetu yumo bibi wa Kinubi, sote tunamwita Habuba, kama wanavyowaita nyanya zao. Babu zake walikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopewa makazi katika msitu huu tangu 1904, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikautangaza rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Kibra ni neno lao, maana yake msitu. Ilichukua hadi 2017 ndipo jamii yao ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Disemba mitaa inapohamia bara, Habuba hubaki anatazama vichochoro vikiwa vyeupe. Kwake Lindi ndiyo ushago. Alipotimiza miaka sabini na minne alikuwa hajaiona bahari, ingawa reli anayoivuka kila siku ni mkono wa ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896.

Basi tukapanga. Hesabu yetu naiweka hapa kama ilivyoandikwa kwenye daftari, kwa sababu wengi hudhani safari ya kisiwani ni ya watu wa mishahara. Shilingi 50 kwa siku, siku sita za wiki, wiki hamsini: ni 15,000 kwa kila mtu. Elfu tatu treni kwenda na kurudi, behewa la kawaida. Elfu tatu na mia tano mabasi na boti. Elfu nne nyumba, siku nne, tukigawana. Elfu mbili na nusu chakula, nacho tunapika wenyewe. Elfu moja mashua ya tanga, na elfu moja ya mwisho haina jina. Hiyo isiyo na jina ndiyo iliyotuokoa mara mbili, na nakusihi usiiache. Bei zitabadilika, lakini uwiano utabaki: usafiri ukizidi nusu ya fedha, umechagua kisiwa cha mbali mno na mfuko wako.

Kosa tulilifanya mapema. Mtu mmoja aliyejiita wakala alitupigia simu, akatutumia picha za nyumba nzuri, tukamtumia amana kwa simu siku hiyohiyo kwa kuogopa nyumba itachukuliwa. Simu ile haikupokelewa tena. Tulikaa wiki tatu bila kusemeshana vizuri, kila mmoja akimtazama mwekahazina kana kwamba yeye ndiye mwizi. Tulipotulia, fundi wetu wa mbao akakumbuka ana mteja ambaye dada yake ameolewa Lamu. Dada huyo alitembea kwa miguu hadi kwenye nyumba tuliyoipata baadaye, akaingia, akafungua bomba, akahesabu vitanda, kisha akatupigia. Tangu siku hiyo hatutumi shilingi mahali ambapo hakuna mtu wetu aliyegusa mlango. Nairobi hii hukosi mtu anayemjua mtu wa Lamu, Pate au Malindi. Uliza msikitini, uliza sokoni, uliza kituo cha matatu.

Kuchagua wakati ni nusu ya mapumziko, na pwani wakati husomwa kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, bahari inatulia, jua linachoma, wageni ni wengi na bei za nyumba hupanda. Masika huanza Aprili, na Mei mvua huwa nzito kiasi kwamba utaijua Lamu kupitia dirisha tu. Kisha kusi, pepo za kutoka kusini, zenye baridi kidogo. Bahari ya nje hukasirika, lakini mikono ya bahari baina ya visiwa hupitika. Tazama pia mwezi wa Kiislamu. Ramadhani mchana mikahawa mingi hufungwa. Anayetaka kuona usiku wa mji unavyoamka baada ya futari atafurahi, anayetaka kula samaki saa saba atateseka na kuwatesa wenyeji. Na Mfungo Sita ndio mwezi wa Maulidi, ambao kila mwaka hurudi nyuma kama siku kumi na moja. Mji wote hujaa, pakawa na mashindano ya mashua na ya punda, na ngoma za fimbo. Sisi tulichagua wiki ya mwisho ya Agosti kwa sababu ya watoto wa shule. Ningekuwa peke yangu ningekwenda Maulidi.

Maulidi hayo yana hadithi ambayo mtu wa Lindi anapaswa kuijua kabla ya kufika. Yalishamiri kwa Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akahamia Lamu, akaasisi msikiti na madrasa ya Riyadha. Zama zake elimu ya dini ilishikwa na nyumba za mabwana. Yeye alikwenda kukaa pembezoni, upande wa Langoni, akawafundisha watoto wa maskini na wa waliokuwa watumwa, akawatibu, akaruhusu dufu na ngoma zao ziingie katika kumsifu Mtume. Alifariki mwaka 1935 na hadi leo watu husafiri kutoka nchi jirani kuja kumkumbuka. Habuba aliposimuliwa hayo kwenye mkutano, alifuta macho kwa ncha ya vazi lake la Kinubi, gurbaba, akasema huyo angalikaa Kibra.

Lililotushughulisha zaidi katika mipango yetu halikuwa fedha. Lilikuwa ni namna ya kuwa wageni. Kibera imetembelewa. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka 2005, ilipigwa kwa sehemu hapa, kongamano la kijamii la dunia likaja Nairobi Januari 2007, na tangu hapo vikundi vya wageni wenye kamera vimekuwa sehemu ya asubuhi zetu. Wapo wema, sikatai. Lakini nakumbuka asubuhi moja jirani yangu alikuwa anamwogesha mwanawe kwenye beseni mlangoni, kikundi kikapita, na mtu akachuchumaa akapiga picha mtoto akiwa na povu kichwani, akainuka akaondoka. Hakusema hata habari. Jirani alibaki ameshika kikombe cha maji hewani. Alisema maneno machache tu: "Angesalimu tu, ningemwambia jina la mtoto."

Kwa hivyo tulipokuwa tunapanga kwenda kuutazama mji wa watu wengine, tulikuwa na elimu ambayo vitabu vingi vya safari havina. Tulijua kichochoro ni sebule ya mtu. Tukakubaliana kwamba Lamu hatutapiga picha ya mtu tusiyemjua jina, kwamba kila mmoja atabeba leso mbili za kujistiri, na kwamba tutakwenda na zawadi kutoka kwetu badala ya kwenda kununua tu. Habuba alifuma tabaga tatu, zile sinia za kusuka za Kinubi zenye rangi nyekundu, zambarau na kijani. Wengine walidhani ni mzigo wa bure.

Njia yenyewe naipita haraka. Matatu namba 8 hadi mjini, gari moshi la abiria hadi Syokimau, kisha treni kubwa ya asubuhi iliyoanza kazi mwaka 2017. Kaa upande wa dirisha ukipita Tsavo. Tuliona ndovu kabla ya Voi, wekundu kwa vumbi, na abiria wa behewa zima wakasimama kutazama. Mombasa unashukia Miritini, nje ya mji. Lala Mombasa, usijaribu kuunganisha, kwani basi la Lamu huondoka alfajiri na safari ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Malindi, Garsen, Witu hadi Mokowe. Kuna vizuizi vya polisi, abiria hushuka na kuonyesha kitambulisho. Upande huo umewahi kushambuliwa, Mpeketoni ya Juni 2014 haijasahauliwa, kwa hiyo piga simu kwa mwenyeji siku mbili kabla uulize hali ya barabara, na usisafiri usiku. Mokowe kuna boti ya abiria wote na kuna boti ya kukodi. Ya wote ni nafuu, hungoja ijae, na ndiyo utakayokaa ubavuni mwa mwanamke mwenye kuku na akakueleza mji mzima kabla hujafika gatini.

Nyumba tuliyokodi ilikuwa Mkomani, nyuma ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya kale iendayo sambamba na bahari. Mlango wa kuchonga, daka lenye viti vya mawe pande mbili, kisha uwanda wa ndani ulio wazi juu. Fundi wetu hakuketi. Alitoa futi yake mfukoni akapima chumba cha kulala. Upana ulikuwa karibu mita tatu. Akapima tena, kisha akatuita. Chumba kilikuwa kirefu, lakini upana wake haukuzidi futi kumi, na futi kumi kwa kumi ndicho chumba chetu cha Lindi. Mwenye nyumba akatuonyesha dari: boriti za mikoko zilizopangwa zikigusana, zimebeba mawe na chokaa. Mkoko, alisema, haubebi uzito huo ukizidi urefu ule, kwa hiyo matajiri wa Lamu wa karne zilizopita, wenye sahani za Uchina katika zidaka zao, walilala katika upana uleule tunaolala sisi. Kilichotofautiana ni kuta nene za matumbawe zinazozuia joto na sauti, dari iliyo juu, na uwanda unaoleta hewa. Fundi alinyamaza muda mrefu. Usiku alikuwa anachora kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la chama jinsi ya kuinua paa la chumba chake futi tatu na kuacha tundu la hewa chini ya mabati.

Siku ya kwanza tuliiacha tupu kwa makusudi, na huu ndio ushauri ninaouamini kuliko wote katika sura hii. Aliyetoka kwenye kelele huwa na papara. Anataka kuona ngome, makumbusho, ufuo na magofu ya Takwa kabla ya adhuhuri ili fedha yake isipotee. Tulijizuia. Tulilala. Lindi saa kumi alfajiri unasikia mitungi ya maji ikigongana, mabati yakipanuka, redio za majirani watatu. Lamu tuliamshwa na adhana na punda, kisha kimya. Magari ni machache mno kisiwani, na katika vichochoro vya mji wa kale hayapiti kabisa. Mama muuza samaki wa chama chetu, ambaye kwa miaka kumi na minane ameamka saa tisa usiku kuwahi Gikomba, alilala hadi saa nne. Alipoamka alikaa kwenye daka hajui mikono aiweke wapi. Mwanamke wa nyumba ya pili akampelekea mahamri na mbaazi za nazi katika bakuli lililofunikwa, akaketi naye. Sikusikia walichoongea. Mchana walikuwa wote jikoni wanaparua samaki aina ya changu, na usiku tulikula samaki wa kupaka ambao siwezi kuwaeleza kwa kalamu.

Lugha ilitufungulia milango kuliko fedha. Kiswahili chetu cha Nairobi kina haraka na kimechanganyika, na wengine walikuja na hofu ya kuchekwa. Kiamu kikatupokea kwa mshangao. Nchi ni nti, njia ni ndia, macho ni mato, maji ni mai. Mtoto aliposimama mlangoni akaita "Ndoo!", dada yetu mmoja alikimbilia beseni akidhani maji yamekuja, kama tunavyofanya Lindi bomba likifunguliwa. Mtoto alikuwa anasema njoo. Tulifuatana naye, tukakuta nyanya yake amepakua juisi ya ukwaju kwa ajili yetu. Ukienda Lamu jifunze maneno kumi ya Kiamu ukiwa bado kwenye treni. Na jua kwamba umeshazoea matunda ya kisiwa kile bila kufahamu: neno runinga, tunalolisema kila siku kwenye vibanda vya kutazamia mpira, lilibuniwa na Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, aliyeunganisha rununu na maninga, habari za mbali na macho.

Matondoni ndiko tulikokwenda siku ya tatu. Ni kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa, mafundi wake huunda majahazi ufuoni na wanawake husuka mikeka. Chini ya mwembe tulimkuta bibi mmoja anasuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka au kawa. Tulisimama mbali kidogo, tukasalimu, tukangoja. "Ndooni," akasema, "ketini kwanza." Tukaketi. Aliuliza tulikotoka, akauliza kama wazazi wetu wako hai, akauliza mvua ya Nairobi. Ilichukua muda, na hakuna aliyetoa simu. Ndipo Habuba akafungua mfuko wake akatoa tabaga.

Bibi yule aliacha ukili. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akatafuta katikati na kidole gumba mahali nyuzi zinapoanzia. Kisha akanyanyua kawa iliyokuwa imefunika sahani kando yake, kifuniko kirefu chenye ncha kama pia, akamwekea Habuba mapajani. Habuba naye akatafuta ncha. Kazi zote mbili huanzia kitovu na kuzunguka. Ya kwetu, Habuba alieleza, ni nyuzi za rangi zikizungushiwa kiini, kila mzunguko ukishikwa na uliotangulia. Ya kwetu, bibi akajibu, ni ukili uliosukwa kwanza kisha ukashonwa duara kwa duara. Waliulizana juu ya rangi, jinsi zambarau inavyokimbia jua. Waliulizana juu ya macho yao, ambayo sasa hayatungi sindano bila mjukuu. Sisi wengine tulikaa kimya karibu saa moja. Mimi nimekwenda makumbusho mengi, na pale Lamu penyewe nimeiona siwa ya shaba, na ya pembe za ndovu iliyotoka Pate, vitu vya kifalme. Lakini nikiulizwa utamaduni niliuona wapi, nitasema chini ya mwembe ule. Walibadilishana. Hapakutajwa bei.

Takwa, katika kisiwa cha Manda, inahitaji hesabu ya maji. Ni magofu ya mji uliostawi karne ya 15 na 16 na kuhamwa karne ya 17, wenye msikiti mkubwa na kaburi la mnara. Watu wa kijiji cha Shela wanauhesabu kuwa chimbuko lao na hufika pale kuomba mvua. Mkono wa bahari wa kufikia hupita katikati ya mikoko na hukauka maji yakipwa. Muulize nahodha siku ya bamvua na siku ya maji mafu, upange kuingia maji yakijaa na kutoka kabla hayajageuka. Patana bei kabla ya kupanda, taja na chakula, na dai jaketi la kuelea kwa kila kichwa. Kati yetu tisa hakuna aliyejua kuogelea, na hatukuona haya kusema. Nahodha wetu alitandaza jaketi tisa mchangani tukajaribu moja moja. Kisha tanga likapanda, injini haikuwashwa, na kijana wa Jamaica akalala chali mbele ya mashua akitazama kitambaa kikijaa upepo. Alikaa hivyo hadi Manda.

Usije ukadhani kisiwa kile hakina machungu yake. Ukikaa barazani jioni wavuvi watakueleza juu ya bandari mpya iliyofunguliwa Mei 2021 upande wa bara, na namna maeneo yao ya kuvulia yalivyochimbwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia. Watakueleza pia jinsi walivyosimama kupinga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe hadi baraza la rufaa la mazingira likabatilisha leseni yake Juni 2019. Mama muuza samaki alisikiliza, kisha akawaeleza Julai 2018 ya kwetu, matingatinga yalipoingia Kibera alfajiri kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na nyumba na shule zikalala chini asubuhi moja. Wakaulizana maswali ya watu wanaojua: nani alitia sahihi, mliitwa mkutanoni, fidia ilimfikia nani. Mtu anaweza kusema hayo si mazungumzo ya likizo. Kwangu yalikuwa sehemu ya kupumzika. Kusikilizwa na mtu asiyekuonea huruma, naye akakuambia yake, hupunguza uzito fulani ambao usingizi peke yake hauutoi.

Tulirudi na shilingi mia nane za mfuko usio na jina. Nyingine zilikwenda kwa dawa ya mwenzetu aliyeugua tumbo Mombasa, na kwa chumba cha usiku mmoja basi lilipochelewa.

Wiki sita baadaye, Jumamosi, kikundi cha wageni kilishuka kichochoro chetu wakiongozwa na kijana tunayemfahamu. Walikuwa sita au saba, kamera shingoni. Habuba alikuwa mlangoni kwake juu ya kigoda, ameanza tabaga mpya, kitovu chake hakijatosha sahani. Mgeni mmoja aliinua simu. Habuba hakuficha uso, wala hakunyoosha mkono kudai kitu. Alimgeukia yule kijana akasema, "Waambie waketi kwanza."

Kijana alisita, akatafsiri. Wakatazamana. Nikatoa benchi letu, jirani akatoa la kwake, na wa mwisho akakaa kwenye mtungi uliogeuzwa. Habuba akauliza wametoka wapi, na kama mama zao wazima. Mmoja akajibu kwamba wake alifariki Machi, na Habuba akaacha kufuma, akampa pole kwa Kinubi kisha kwa Kiswahili, na kijana akashindwa kutafsiri akanyamaza. Simu zilikuwa zimerudi mifukoni. Ndani, juu ya meza, kawa ya Matondoni ilikuwa imefunika mandazi ya asubuhi. Habuba akainuka, akaingia, akaifunua.